Vitabu Vinne vya Petro Ekaale Lomuria

Habari ya vitabu vinne ilisimuliwa kwanza na Kirimi, fundi seremala, siku ya Jumanne tarehe 22 Septemba 1987, nyumbani kwa marehemu, mtaani Kambi ya Juu, baada ya kitindamimba wa marehemu kuuliza kwa nini alikuwa hamjui baba yake mdogo, Lobokat, hadi mwaka huu, na familia imeilinganisha na barua na madaftari yaliyomo nyumbani, ikaona isomwe mbele yenu jinsi ilivyokuwa.

Marehemu Petro Ekaale Lomuria alizaliwa mwaka wa 1936, mwezi haukuandikwa, katika boma la mzee Lomuria karibu na Oldonyiro, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili waliokua, wa pili akiwa Lobokat. Alisoma katika shule ya misheni upande wa Meru kuanzia 1947 hadi 1956, akafika kidato cha pili, na huko ndiko alikofunzwa kusoma noti za muziki. Mwaka wa 1957 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mifugo mjini Isiolo, na waliofanya kazi naye wanajua kwamba barua ikiwa na kosa moja aliichapa yote upya. Alifunga ndoa na Nangiro tarehe 5 Januari 1963, wakajaliwa Akiru mwaka wa 1964, Erot mwaka wa 1967, na Lomuria mdogo mwaka wa 1976.

Mwaka wa 1971 alikabidhiwa kwaya ya kanisa letu, na miaka miwili baadaye padri mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao Italia alimwazima kwa miezi mitatu kitabu cha nyimbo za kale za Ulaya, zilizotungwa miaka mia nne iliyopita, za sauti nne zinazofuatana na kupishana bila kinanda, pamoja na nyimbo za sikukuu za Krismasi na Pasaka. Marehemu alinakili nyimbo ishirini na nne kwa mkono, akizigeuza kuwa do-re-mi ili waimbaji wake wazisome, kisha akawaandikia walimu wa kwaya wa Meru, Embu na Nyeri akiomba nyingine, hata kufikia mwaka wa 1976 alikuwa nazo arobaini na tatu. Jirani yake Mama Abiba, Mwislamu aliyevumilia mazoezi yale nyuma ya ukuta wake kila Jumatano, alizoea kumtania kwamba sasa hata yeye jirani anazijua zote ila maneno.

Mwaka huohuo kwaya nyingine iliimba kwenye mashindano wimbo ambao marehemu aliamini ulinakiliwa kutoka karatasi zake, ingawa hilo halikuthibitishwa. Tarehe 12 Desemba 1976 alizigawa sauti zote katika madaftari manne ya jalada gumu, akachoma nakala zilizokuwa na sauti nne pamoja, akaweka sheria kwamba kila daftari litakaa kwa mtu mmoja na hakuna atakayenakili la mwenzake. La kwanza lilikaa kwa Nangiro, la pili kwa Jane Kanchoro, la tatu kwa Lobokat na la nne kwa Kirimi, wote waimbaji wake.

Juma Kuu la mwaka wa 1981 Lobokat alikosa mazoezi matatu, kwa kuwa alikuwa amepeleka ng'ombe sokoni Oldonyiro, na alipoingia Alhamisi tarehe 16 Aprili na vumbi lake, marehemu alimwambia mbele ya waimbaji wote, "Weka kitabu mezani, utoke." Lobokat akamjibu, "Kitabu umeandika wewe, sawa, na hii sauti umeandika wewe?" akatoka nacho, na ndugu hao hawakusemezana tena kwa miaka sita.

Tangu siku hiyo nyimbo zile ziliimbwa kwa sauti tatu, na hata asiyejua muziki alisikia kwamba kuna mahali patupu. Marehemu alijaribu kutunga mwenyewe sauti iliyokosekana, akaifuta kila mara, na alipoandika Italia mwaka wa 1982 alijibiwa kwamba padri amefariki na vitabu vyake havijulikani viliko. Nangiro alimsihi mara nyingi aende Oldonyiro, naye alisema sheria ni sheria.

Alianza kuugua figo mwaka wa 1985, akalazwa hospitalini Isiolo mwezi wa Machi 1987, kisha Meru, na mwezi wa Julai akarudishwa nyumbani. Tarehe 5 Agosti Nangiro alipanda lori la mifugo akaenda kumtafuta Lobokat, ambaye alisema kwanza kwamba aliyemfukuza aje mwenyewe, na alipoambiwa kwamba hawezi kusimama, akaja. Ilikuwa Jumapili tarehe 9, na marehemu, kabla ya salamu, aliuliza kitabu kiko wapi.

"Hakuna kitabu, ndugu yangu," Lobokat alisema. "Ule ukame wa themanini na nne, karatasi zake tulivutia tumbaku."

Marehemu aligeukia ukuta. Lobokat hakuondoka. Alijaribu kuikumbuka sauti yake, lakini kila alipoanza peke yake alipotea, maana ile sauti ya katikati haishikiki bila nyingine, mpaka Jumatano Kirimi alipokuja kumwona mgonjwa, wakaimba yeye, Nangiro na Akiru aliyesoma daftari la pili lililobaki baada ya Jane kufariki, na Lobokat akaingia palipo pake. Marehemu aligeuka. Alisema, "Hapo ni fa, rudieni," kisha akamwambia Akiru aandike sauti zote nne kwenye ukurasa mmoja, na aandike nakala nyingi, ampe yeyote atakayeomba. Familia haikumsikia akiomba msamaha, wala haitasema kwamba aliomba.

Hadi Jumapili tarehe 20 Septemba zilikuwa zimeandikwa nyimbo ishirini na tisa, na Jumatatu asubuhi tarehe 21, saa moja na robo, marehemu akaaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Isiolo na Meru, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mifugo, kwaya, na majirani wote, hasa Mama Abiba, aliyeleta uji kila asubuhi na kuwanyamazisha watoto wa mtaa mazoezi yalipoendelea.

Kati ya walioshika vitabu, Jane Kanchoro alifariki tarehe 3 Februari 1986; Nangiro yu hai, Kirimi yu hai, na Lobokat yu hai, ameketi hapa mbele, naye bado anazo kichwani nyimbo kumi na nne zisizoandikwa, kwa hiyo familia inawaomba wenye ng'ombe wa Oldonyiro watuachie mtu huyu hadi Krismasi.

Kapumzike kwa amani, Ekaale, zilizobaki tunaziandika.