Mutunga Nzomo, Fundi Aliyeshikwa na Gobori la Kibwezi

Mutunga, mwana wa Nzomo na Kasyoka, alizaliwa Matinyani tarehe 6 Machi 1938. Mimi Kalondu, dada yake mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hivyo tarehe hiyo msiibishe.

Alisoma hapa Matinyani hadi darasa la nne, kisha akafundishwa uhunzi na mjomba wetu Ndeti. Mwaka 1961 alifunga ndoa kanisani na Mbinya.

Mwaka 1964 aliandikwa kazi Kibwezi, shambani kwa Mzee Hemedi, kutunza pampu ya maji. Mzee alikuwa na gobori la kufukuza ndovu, bunduki ile ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Fataki ya kuwasha baruti ikilipuka, moto ulikuwa ukirudi nyuma ukimchoma shavuni mlinzi aliyelipiga. Mutunga aliona kwamba tundu la kupitisha moto lilikuwa limeliwa na moto likapanuka. Alichonga kipande kipya cha chuma kigumu, chenye tundu jembamba la kupita sindano, akakikaza pasibaki mwanya. Moto ukaacha kurudi.

Kisha akaomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

“Fundi, tundu likiliwa tena, nani atachonga?” Mzee Hemedi akamuuliza.

“Nimemwonyesha Musembi, mzee.”

“Musembi huyu mlinzi? Juzi amevunja tupa mbili za kusugulia chuma. Wewe kaa.”

Akakaa. Kila msimu alichonga kipande kingine. Mama yetu alipofariki Agosti 1969, ndovu walikuwa shambani, na Mutunga hakuja kumzika. Mimi nilimkasirikia miaka mingi. Pasaka ya 1974 alipokuja siku mbili, nilimwambia, “Si uache tu kazi ya watu?”

“Nikiacha, dada, gobori litatema moto tena. Shavu litakaloungua litakuwa la Musembi.”

“Na mke wako je?”

Alimwangalia Mbinya. Mbinya akasema, “Mwache anywe chai.”

Mzee Hemedi aliaga dunia mwaka 1981, na watoto wake wakapeleka gobori kituo cha polisi. Ndipo Mutunga aliporudi, masikio yamekufa nusu kwa milio ya gobori, na kitinda mimba wake Mumbua akamsalimia kwa mkono kama mgeni. Alilima hapa, akawa mzee wa kanisa, na Mumbua akamzoea.

Aliugua presha Juni 1993, akalazwa Kitui. Daktari alipotaka aongeze wiki moja, alisema, “Daktari, nimezuiliwa ya kutosha.” Tulimleta nyumbani. Alilala tarehe 2 Septemba 1993, Mbinya akimshika mkono.

Ameacha mjane wake Mbinya, watoto Mulei, Mbula na Mumbua, wajukuu saba, nami dada yake. Musembi pia yuko nasi, ametoka Kibwezi kwa miguu yake na basi.

Leo hakuna wa kumwita arudi kazini. Mungu ampumzishe kwa amani.