Kocha Kimya na Uwanja wa Mteremko

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa michezo anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi tunamwita Kocha Kimya, na asiyemjua atadhani ni mama wa maneno machache. Wapi! Sauti yake hufika jikoni kabla ya kipenga.

Alipoajiriwa alikabidhiwa vipindi vya jiografia, mipira miwili inayovuja na uwanja wenye mteremko. Aliwaambia wenzake kwamba mteremko ule ni mwalimu msaidizi: ukipiga pasi bila kufikiri, utaufuata mpira hadi getini. Mpaka leo wachezaji wetu wanajulikana kwa pasi za chini, zilizopimwa.

Hakufundisha wachezaji peke yao. Katika chumba cha walimu alipanga vikombe vya chai mezani kueleza sheria ya kuotea, hadi mhasibu, aliyekuwa akishangaa watu wazima kugombania mpira mmoja, akaelewa. Sasa ndiye wa kwanza kumzomea mshika kibendera, na mara nyingi, tuseme ukweli, huwa amekosea yeye mhasibu.

Jina lake la utani lilitokana na mazoezi ya Jumanne. Siku hiyo hakuna kusema neno uwanjani. Hakuna "Lete!", hakuna "Nipo!" Ukitaka pasi, jiweke mahali mwenzako atakuona, ukitaka kutoa, inua kichwa. Atakayeropoka anakwenda benchi, amtazame mchezaji mmoja asiye na mpira, kisha aje kutueleza alikuwa anafanya nini. Wengi wetu tuliupendea mpira kwenye benchi lile.

Mimi, golikipa wa timu ya wasichana, niliipenda Jumanne kuliko siku zote. Nina haya, hata kuitikia jina langu darasani hunitoa jasho. Kumbe ukimya ulitukolea kupita kiasi. Mwaka huu, katika mechi ya kwanza ya mashindano, mpira wa juu ulikuja golini. Mimi na beki wangu tukatazamana kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake, nao ukadunda katikati yetu ukaingia wavuni. Mashabiki wa upande wa pili wakapaza sauti: "Jamani, hao wako msibani?"

Kejeli ile ilituuma, maana mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza: timu ya wasichana isipovuka kundi, saa yetu ya uwanja itageuzwa kuwa ya masomo ya ziada. Kocha hakutulaumu. Alisema kosa ni lake. Ametufundisha kuona, akasahau kwamba golikipa huona yale ambayo wenzake wameyapa mgongo, na asiposema, kuona kwake ni bure.

Akaanzisha Alhamisi ya kelele. Mimi golini, yeye upande wa pili wa uwanja, niite "Wangu!" mpaka asikie. Siku ya kwanza aliweka mkono sikioni. "Mwanangu, unaniambia mimi au unaziambia soksi zako?" Beki wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi, na sauti ikatoka.

Mechi ya mwisho ya kundi tulihitaji sare. Tukiwa tumefungana bao moja moja, wapinzani wakapata kona. Nikaita "Wangu!" Beki akainama, mpira ukapita juu ya kichwa chake, nikaudaka. Tukavuka kundi. Mwalimu mkuu alishuka mwenyewe uwanjani kumpa Kocha mkono, na saa yetu haijaguswa.

Kocha, asante kwa macho uliyotupa, na kwa kukubali kosa mbele ya watoto. Ustaafu wako uwe wa heri, magoti yako yapate nafuu, na wajukuu wakuchoshe kwa mpira. Leo, baada ya walimu kuzungumza, kuna mwanafunzi mmoja atakayesimama kukuaga mbele ya shule nzima, bila kipaza sauti. Ni mimi. Nafasi hiyo sikupewa; niliiomba.