Jenereta wa Idara ya Ushonaji Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja ya kushona magodoro, fundi mkuu wa idara ya ushonaji anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Muda wake wa kustaafu ulikuwa bado haujafika. Tungependa kuandika kwamba ameichoka kazi, lakini hajaichoka hata kidogo.

Alianza kwa kufagia vipande vya sponji. Kufika mwaka wa pili alishakalia cherehani, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Kwenye godoro, kona ndiyo inayowaumbua mafundi: kitambaa hujikunja, uzi hukatika. Kona zake zilitulia kama zimepigwa pasi. Wengi wetu tulijifunza kwake, kwa maneno machache na utani mwingi.

Jina la Jenereta alilipata wakati wa mapumziko ya mchana. Akishashiba, alijinyoosha juu ya godoro la maonyesho, na punde si punde ukumbi mzima ulitetema. Meneja wa mauzo akawa analeta wateja, akiwaambia wasikie wenyewe, eti godoro zuri halihitaji tangazo. Kosa kama hilo wangelifanya watu wa magodoro tu: kwetu sisi, anayekoroma ndiye aliyefaidi usingizi.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, hakuona cha kuchekesha. Kilichomtisha si kelele, ni kimya. Anasema mumewe alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya mkoromo, kifua tuli, mpaka amsukume ndipo avute hewa kama aliyeibuka majini. Hivyo ndivyo alivyolala miaka nenda miaka rudi.

Daktari aliwaeleza kwamba koo lake hujiziba akilala, hewa ikakosa njia. Ubongo ukinyimwa oksijeni tena na tena, huenda ukadhurika ndani kwa ndani, na kumbukumbu ikaanza kuponyoka. Kama ndicho kilichompata, daktari hakuapa. Sisi tulichoona ni Jenereta akishona kava la godoro pande zote, kona safi kabisa, bila sponji ndani. Tulicheka, tukidhani anatutania. Yeye aliligeuzageuza, akalipapasa, kisha akaomba aitiwe Shemeji. Jambo hilo linatuuma hadi leo.

Sasa analala na mashine inayompulizia hewa puani. Shemeji anasema uso umechangamka, na juzi mumewe alimtania kuhusu chumvi kwenye mboga. Yaliyokwisha kupotea, hakuna aliyeahidi kwamba yatarudi.

Kwa watakaokuja kumuaga, tuna ombi moja. Msimuulize kama anawakumbuka. Mpeni mkono, tajeni majina yenu kwanza, kabla hajaanza kuyatafuta.

Fundi wetu, ahsante sana. Tunakutakia usingizi wenye pumzi na maisha mema pamoja na Shemeji. Ukitusahau, usione haya. Kukumbuka, tutakukumbuka sisi.