Tempe ya Warsidi na Bei Iliyobaki Palepale

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogezeni kiti. Leo ni arobaini ya Warsidi, mtengeneza tempe wa ng'ambo ya mto, hapa hapa Banyumas. Amekufa akiwa na miaka hamsini na minane. Magazeti yaliandika kwamba aliuawa na sumu. Ni kweli. Lakini sumu ile ilianza safari mbali sana na jiko lake, na mimi si msahaulifu.

Warsidi alianza kazi kwa miguu. Akiwa na miaka saba alikuwa mtoni na mama yake, wanakanyaga soya ndani ya tenga mpaka maganda yaelee. Mama akamfunza kuipika, kuitia chachu, kuifunga kwenye jani la mgomba na kuingoja siku mbili ishikane iwe tempe. Akamfunza na desturi moja: kabla mchuuzi hajachukua kikapu, mtengenezaji ale kwanza. Ale mbele ya macho yake. Warsidi hakuiacha desturi hiyo miaka arobaini.

Soya yetu, mnajua, inakuja kwa meli. Inaingia kwenye maghala ya watu wachache. Wakifunga milango wiki mbili, bei inaumuka yenyewe. Februari kilo ilikuwa rupia elfu saba. Agosti ikawa elfu kumi na tatu. Narudia kwa mnaoosha vyombo: elfu saba, ikawa elfu kumi na tatu.

Watengenezaji wa kwingine walikata tempe nyembamba. Warsidi angepunguza nini? Tempe yake ni ya mendoan, ile ya kuchovya kwenye unga na kukaanga, nyembamba tangu kuzaliwa. Ukiipunguza tena, unasoma gazeti lililo upande wa pili.

Akamwendea Sarikem, mama anayekaanga mendoan stendi ya mabasi, aliyechukua kikapu chake kila alfajiri.

"Yu, dada yangu, niongezee mia tano kwa kipande."

"Hiyo mia tano kaiombe kwa mwenye kitambi, Kang, kaka yangu. Wateja wangu makuli. Nikipandisha, wanahamia kwenye tambi."

"Na mimi nihamie wapi?"

"Hamia kwenye siasa. Huko hawanunui soya."

Wakacheka wote wawili. Akaomba tena mara mbili, bei ikabaki palepale.

Alhamisi moja Warsidi akarudi nyumbani na gunia la machicha ya nazi. Mkewe, Daryati, ametusimulia. "Nilimwambia, Baba Ratmi, hiki ni chakula cha bata. Umesahau ya mtaa wa juu? Akasema, nachanganya robo tu, na wa kwanza kuonja ni mimi."

Ya mtaa wa juu mimi sijayasahau. Nilikuwa kijana. Mwaka ule pia soya ilipanda, watu wakavundika tempe ya machicha. Nyumba saba zikatoa maiti kumi na moja kwa siku mbili. Wakubwa wakaja na magari, wakapiga marufuku tempe ya machicha. Bei hawakuipiga marufuku.

Jumamosi alfajiri Warsidi akafungua jani, akala mbele ya Sarikem.

"Leo unatafuna kama bwana harusi," Sarikem akamwambia.

"Tamu," akajibu. Akampa kikapu.

Hapo ndipo desturi ya mama yake ilipomwacha mkono. Tempe ya soya ikiharibika, ulimi unajua. Sumu ya machicha haina ladha wala harufu, na mafuta ya moto hayaiui. Tena haina haraka.

Karibu na alasiri alikuwa akiosha mapipa, ukuta ukaanza kuzunguka. Jasho baridi likamtoka. Tumbo likamkaza. Daryati akamwambia alale. Hakulala. Alijua Sarikem anaanza kukaanga baada ya alasiri. Akapanda baiskeli. Alianguka mara mbili njiani, mara ya pili akaiacha baiskeli mtaroni akaenda kwa miguu.

Alipofika stendi, vipande vinane vilikuwa tayari kwenye sinia, vinatoa mvuke. Makuli watano wamekaa, mmoja ameshanyoosha mkono. Warsidi hakusalimu. Aliinama jikoni, akachota jivu kwa mikono mitupu, akalimwaga kwenye sinia, kwenye unga, kwenye kikapu chote.

"Kang, umerukwa na akili?" Sarikem akamfokea. "Kama ni mia tano yako, si useme kwa mdomo."

"Yu, mna machicha humo."

Wazee wawili waliokuwa wakinywa chai waliweka vikombe chini. Wakasogea mbali na lile sinia, hatua kwa hatua, kama wameona nyoka.

"Nani amekula?" Warsidi akauliza.

Makuli wakatikisa vichwa. Kisha Sarikem akasema polepole, "Mimi. Kipande kidogo. Nilionja chumvi."

Walipelekwa hospitali kwenye gari moja la mboga. Warsidi alikufa Jumapili kabla ya jua kupanda. Sarikem alilazwa siku tisa. Bado yuko hai, lakini hasimami bila kushikwa. Ametuambia hivi: "Mara tatu aliniomba mia tano. Mara tatu nikamtania. Leo ningempa elfu, ila nampa nani?"

Wapo wanaosema alikufa kwa ujinga wake. Makosa alifanya, na akayakimbilia kwa miguu yake kuyazuia. Wenye maghala sijasikia wamekimbilia chochote.

Kwako Mama Daryati, kwako Ratmi mwana wa marehemu, na kwako Yu Sarikem: poleni. Mungu amlaze pema. Nyumba yenu isikose moshi wa jikoni.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini. Wiki hii kilo ya soya ni elfu kumi na nne na nusu. Tangu jana nimepita masoko matatu, na mendoan haijapanda hata rupia moja. Basi jioni ukinunua ukaikuta bei ileile ya zamani, usishukuru kabla hujauliza.