Nusu Saa ya Mwasiti

Benchi la Hadji si benchi hasa. Ni boriti ya mashine kuukuu ya kukamulia mawese, imelazwa juu ya matofali kando ya barabara inayoingia Rumonge, na imekaliwa mpaka imekuwa laini. Kila alasiri Hadji huleta birika la kahawa ya tangawizi, na kila alasiri dunia hutengenezwa upya pale kabla birika halijakauka. Siku hiyo dunia yote ilikuwa tumboni mwa Mwasiti, mke wa Nasiri, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka jana, na tangu hapo Nasiri anaishi na hofu. Wiki iliyopita munganga, daktari wa hospitali, alimwambia Mwasiti atembee nusu saa kila asubuhi. Nasiri akalileta jambo hilo benchini, benchi likakataa, naye akaenda nyumbani akamkataza mkewe, akimrudia neno kwa neno hoja za benchi.

— Ulifanya vizuri, alisema Hadji, ambaye wanamwita Dokta kwa sababu aliwahi kulinda geti la dispensari miaka minne. Mama akitembea, mutoto anatikisika. Ubongo yake bado ni maji.

— Si ubongo, Dokta, ni moto! alidakia Lukeba, fundi wa injini za boti aliyetoka Uvira. Miye najua mashine. Injini mupya ukiikimbiza, inakufa. Na mutoto iko mupya kabisa!

— Kwetu Gatete, alisema Olivier muuza mihogo, kuko mama mumoja alikuwa anapanda mulima kila siku na mimba. Mutoto akazaliwa amechoka. Sasa iko na miaka sita, bado analala tu.

— Si ndiye mutoto wako huyo? aliuliza Lukeba.

— Ndiyo maana najua!

Wakacheka. Nasiri naye alicheka, lakini moyo haukutulia. Alitaka kusikia kwamba amefanya sawa, na kila kikombe kilimwambia hivyo, ila munganga yule hakuonekana mjinga hata kidogo.

— Lakini munganga anasema mwendo wa polepole ni muzuri kwa mutoto, alijaribu. Na mama anapata nguvu ya kuzaa.

— Munganga amesoma katika kitabu, alisema Hadji. Kitabu kilishazaa?

— Na upepo wa ziwa je? aliongeza Lukeba. Mama akitembea kule ufukweni, mutoto anameza upepo. Atazaliwa anaelea, Nasiri! Utamufunga kamba kama mutumbwi.

Hapo ndipo Hyacinthe, dereva wa pikipiki kutoka Minago, alipozima injini mbele yao. Hakuwa mtu wa kijiwe kile. Akavua kofia yake ngumu.

— Amahoro, wazee.

— Amahoro. Karibu kahawa.

— Murakoze. Niko na swali. Pale kwenye robine, pale wanachota maji, kuko mama na mimba kubwa, bido ya maji moja kichwani, ingine mukononi. Nikataka kumubeba, akakataa. Akasema bwana yake amemukataza kutembea, hakumukataza maji. Sasa miye nauliza tu: bila kutembea, alifika pale namna gani?

Hadji aliinua birika. Likatoa matone mawili na vipande vya tangawizi. Lukeba akaanza kuchunguza kucha zake zenye oili, na Olivier, mwenye mifano ya kila kitu, akainuka kwenda kuuza mihogo yake.

Nasiri aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki nzima alikuwa ameoga, amekunywa na ametawadha, na hata siku moja hakuuliza nani aliyejaza pipa. Aliondoka bila kuaga.

Alimkuta Mwasiti kwenye kona ya shamba la michikichi. Akampokea madumu yote mawili. Hatua ishirini tu, akayatua, viganja vimekuwa vyekundu.

— Nisamehe, mama. Niliogopa.

— Najua. Hata miye naogopa, kila siku.

Mwasiti alijifuta jasho, akaweka mkono kiunoni, akashika njia ya ziwani.

— Sasa unaenda wapi?

— Nusu saa yangu. Wewe peleka maji nyumbani. Na utembee polepole, usitikise ubongo.