Gunia la Ndengu Nyuma ya Mlango

Ndugu zangu, sauti yangu ni ya chini. Mlio nyuma mkishindwa kunisikia, sogeeni mbele, viti vipo. Mara tatu nimeombwa kusimama hapa nikakataa. Leo nimekubali kwa sababu ya yule msichana mdogo aliyeketi karibu na nyanya yake, mwenye bakuli. Jina lake sitalitaja, kwa maana tuliokutanishwa na misiba tulikubaliana kutotaja mtu. Mimi ni baba yake.

Mama yake alitoka Gachoka, kule chini kwenye jua. Mimi ni wa huku juu, Laare, na kazi yangu ni kuchuma miraa. Kila mavuno mama mkwe alitutumia gunia la ndengu. Mke wangu alizichemsha, akaziponda pamoja na viazi na majani ya malenge, na hiyo ndiyo ilikuwa mukimo ya nyumbani kwetu.

Mimi nilikuwa nanung'unika. Nilikuwa nimekula viazi vya kupondwa kwenye harusi moja mjini Embu, mtaa wa Dallas. Vilikuwa vyeupe, laini, bila kitu chochote ndani. Tangu siku hiyo nikaamini hicho ndicho chakula cha watu walioendelea. Nikamwuliza mke wangu kwa nini hanipikii vile vyeupe.

Akacheka. "Wewe unataka chakula kipofu," akasema, akinionyesha ndengu kwa ncha ya mwiko. "Hiki changu kina macho. Ona, kinakuangalia."

Aliugua siku chache tu, wakati wa mvua, akaenda. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, bado ananyonya.

Gunia lilikuwa limebaki nusu. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyelifunga mdomo, kwa kitambaa chake cha kichwa, kwa fundo lake. Baada ya mazishi nililitoa jikoni nikalipeleka chumbani, nikaliweka nyuma ya mlango. Sikutaka mtu alifungue. Mara nyingine nilikuwa nashika lile fundo tu, basi. Nilijiambia kwamba ndengu zile zikiisha, kazi ya mikono yake imeisha hapa duniani. Mliofiwa mnanielewa. Wengine mtaniona mjinga, na pia mko sawa.

Sasa mtoto alihitaji kula. Mnajua desturi yetu, mwanamume akishatahiriwa hakai jikoni. Mimi sikujua hata chumvi inawekwa wapi. Nikachukua kile nilichokiweza, viazi. Nilimenya maganda mazito, nikakatakata vidogo, nikachemsha, nikamwaga maji yote, nikaponda hadi pasiwe na donge hata moja. Vikawa vyeupe kama vile vya harusi. Nilijivuna, ndugu zangu. Nilisema, mtoto wangu hana mama lakini anakula chakula cha harusi, asubuhi, mchana na jioni. Maziwa kidogo tuliyopata niliyatia kwenye chai.

Jirani aliyekaa naye nikiwa shambani aliniuliza, "Baba, nina maharagwe kwangu, nimpe?"

"Asante," nikamjibu, "chakula chake kipo."

Nilikuwa nafikiri nikipokea sahani ya mtu, watu watasema nimeshindwa.

Miezi ikapita. Mashavu ya mtoto yakajaa. Miguu ikajaa, hata viatu vikakataa. Nikipita naye sokoni Laare, akina mama walikuwa wanasimama.

"Ai, huyu amenona! Unamlisha nini?"

"Viazi."

"Tuletee basi na sisi hivyo viazi vya baba!"

Wakicheka, na mimi nikicheka. Yalikuwa maneno mazuri ya kwanza kuyasikia tangu mazishi. Niliyabeba hadi nyumbani.

Lakini mtoto aliacha kucheza. Nikitoka asubuhi, halii. Nikirudi, hanikimbilii. Nywele zake zikawa nyembamba, zikageuka rangi ya nyuzi za mahindi. Na mimi nikasema moyoni, anamlilia mama yake. Nilifikiri tunaomboleza pamoja, mimi na yeye. Nilikuwa namketisha mapajani, tunanyamaza wote wawili, nikiona kwamba angalau yupo mtu mmoja anayenielewa. Nawaambia jambo hili likiwa linaniuma: kilichomnyamazisha mtoto wangu kilikuwa njaa, na mimi nilimwona ana majonzi kama yangu.

Siku moja mama mkwe alifika kutoka Gachoka. Alimtazama mtoto akiwa bado uani, hajaweka hata mzigo chini. Hakunisalimu. Alisema, "Lete shuka." Akamfunga mgongoni, tukaenda zahanati.

Sista alimketisha mtoto mezani. Alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akahesabu kimya, akaondoa kidole. Likabaki shimo. Nililitazama lile shimo nikingoja lijae. Halikujaa.

"Baba, unamlisha nini?"

"Viazi, sista. Naviponda vizuri sana."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na nini tena?"

Nikarudisha macho kwenye lile shimo.

Sikugombezwa. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Kiazi si kibaya, baba. Kiazi ni kuni. Kinampa nguvu na joto. Lakini wewe umewasha moto mzuri kwenye nyumba isiyojengwa. Huyu hakunona. Haya ni maji."

Tukatumwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mama mkwe alilala naye wodini majuma kadhaa, akimnywesha maziwa maalum kwa kikombe, kidogo kidogo, jinsi walivyoagizwa. Maji yakaanza kutoka mwilini. Ndipo nikamwona mtoto niliyekuwa nikiishi naye. Mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Yale mashavu niliyosifiwa sokoni hayakuwepo. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, sista wa wodi aliniambia niendelee na viazi, vyeupe nivipendavyo, lakini visiwe peke yake tena. Niweke maharagwe au ndengu zilizoiva hadi kupondeka. Niweke majani ya malenge au kunde. Yai likipatikana, yai. Maziwa, ya mtoto kwanza, ya chai baadaye. Na yale maji ya kuchemshia viazi nisiyamwage, nipondee hayo hayo, kwa sababu sehemu ya uzuri wa kiazi hukimbilia humo. Hebu fikirini, miezi yote ile nilikuwa nikichuja chakula cha mtoto na kumwagia migomba.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe akauliza, "Ndengu zangu ziko wapi?"

"Ziko chumbani."

"Zimebaki?"

"Zote alizoziacha. Sikuzifungua."

Mnajua heshima ya mama mkwe na mkwe wake. Yeye hawezi kuingia chumba changu, hata nyumba iwe inaungua. Alisimama uani, mtoto mgongoni, akautazama mlango. Na mimi nikasimama. Kama angeweza kuingia, angelichukua gunia mwenyewe, nami ningepata mtu wa kumlaumu. Lakini desturi ilimzuia, na kazi ikabaki yangu.

"Mama," nikamwambia, "lile fundo alilifunga yeye."

Alimkaza mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa. Kama angekuwa ndani ya gunia, ningekuwa wa kwanza kukataza lisifunguliwe. Mwanangu, lete tule."

Niliingia. Fundo lilikuwa limekaza, ilibidi nitumie meno. Kitambaa kilikuwa bado na harufu ya moshi na mafuta yake ya nywele. Nililia hapo nyuma ya mlango, sitawaficha. Kisha nikalibeba gunia nikalitoa nje.

Sasa tucheke kidogo. Mama mkwe alisema yeye ataondoka, kwa hiyo atakayejifunza kupika ni mimi. Lakini kukaa jikoni pamoja, mimi na yeye, haikubaliki. Basi aliweka kigoda nje ya ukuta wa mbao, mimi nikawa ndani na moshi, akawa ananifundisha kwa masikio.

"Zimeiva hizo ndengu?"

"Zimeiva, mama."

"Bonyeza moja. Isipokufa chini ya kidole, bado."

Nikibonyeza, bado.

Halafu, "Ponda! Mbona nasikia unazibembeleza? Hizo si mtoto wa chifu!"

Jirani alipita njiani, akasimama, akacheka mpaka akaweka mzigo wa kuni chini. "Ai, leo mwanamume ameolewa!" Nikampigia kelele kutoka ndani kwamba yale maharagwe yake niliyoyakataa zamani sasa nayataka. Akayaleta kabla moshi haujaisha. Hakunikumbusha kitu.

Ile mukimo ilikuwa ya kijani, ina madoadoa. Mtoto aliitazama. Akachopoa ndengu moja kwa vidole viwili, akaiinua machoni, akaitia mdomoni. Kisha nyingine.

Ndugu zangu, yaliyofuata bado yananishangaza. Baada ya muda, nikimwosha kichwa, niliona kwenye mizizi ya nywele kitu cheusi. Kila juma kilipanda kidogo. Juu nywele za nyuzi za mahindi, chini nywele nyeusi, na kati yake mstari. Pale mstari ulipo ndipo gunia lilipofunguliwa. Nyeusi ile ni ya mama yake, haitoki kwangu, nyinyi mnaona zangu si nyeusi hivyo. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu. Lakini mniambie, ni nani aliyeifundisha ndengu kuwa unywele? Kiazi kinakaa gizani ndani ya udongo, kinajuaje njia ya kwenda kwenye mguu wa mtoto ili aamke atembee? Nikiponda siku hizi, mara nyingine nasimama na mti wa kupondea mkononi, nashindwa kuendelea, kwa kustaajabu tu. Chakula kinaingia kikiwa kimya, kinatoka kikiwa kicheko cha mtu.

Namshukuru mama mkwe, anakataa niangalie upande wake. Namshukuru jirani, na masista wale wawili. Namshukuru Mungu, ambaye hakuniacha na ujinga wangu mpaka mwisho.

Na ninachowaombeni ni hiki. Mwenye msiba akikwambia "chakula kipo," usiende zako. Funua sufuria uone ni chakula gani. Na wewe uliyefiwa, kama kuna gunia umeficha nyuma ya mlango, litoe. Langu liliisha zamani. Nilidhani siku ile itaniua. Nilichota konzi la mwisho, nikapika, tukala, akashiba akalala.

Kile kitambaa hakikupotea. Kiko shingoni mwake pale, cha kuzuia chakula kisimwagike nguoni. Kimejaa viazi, mnaona wenyewe. Nimeponda sufuria nzima asubuhi, mtakula wote. Lakini mniruhusu niishie hapa, ameinua bakuli. Anataka kuongezewa.