Baraza ya Mzee Hashil

Ukitaka kuwaona watu wanaojivunia mtaa wao, mwaka ule wa hamsini na tano ungekuja Kiponda alasiri, kwenye baraza ya Mzee Hashil. Baraza ni yake, lakini mwenyewe hatoki: kapooza, mwaka wa pili huu, yumo ndani nyuma ya ukuta tunaouegemea, na anayemwuguza ni bintiye Ruqaya. Sisi tumo nje na dele letu la kahawa: mimi, Mkadam tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Msabah tuliyemwita Bepari, naye hajapata kuwa na hata genge la ndizi. Siku moja akatokea karani wa serikali, kijana wa Tumbatu, jina lake Ame, karatasi mkononi.

AME: Shikamooni wazee.

SOTE: Marahaba!

AME: Bi Ruqaya kaomba posho. Anapewa anayeuguza mtu wake peke yake, hana wa kumsaidia. Kweli yuko peke yake?

REDIO: Peke yake? Kiponda hii? Lahaula! Mwanangu, andika: mtaa mzima unauguza.

BEPARI: Hapa mzee akikohoa, nyumba saba hazilali!

REDIO: Tena tahadhari nyie. Leo serikali inatoa posho, kesho itamtaka mzee mwenyewe. Watamtia melini mpaka Ulaya, wakamsome.

BEPARI: Wallahi! Na wakishaona anavyotunzwa, Wazungu watatuletea wazee wao, tuwauguze sisi!

Nikacheka, kifua kimenijaa. Ndivyo tulivyo watu wa mtaa huu, nikajisemea. Ame naye anaandika tu: wasaidizi wapo, wengi.

AME: Basi posho hapati. Limebaki suali moja, nijibuni nyinyi mnaomhudumia. Mzee kapooza upande gani?

REDIO: Kulia.

BEPARI: Kushoto.

Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi, jirani wa miaka ishirini. Nikakitazama kikombe changu.

Hapo tukasikia nyuma ya ukuta, "Bismillahi," kitanda kikalia, na Ruqaya akahema kama mchukuzi aliyetua gunia la karafuu. Alikuwa akimgeuza babake. Sauti ile tulikuwa tukiisikia kila siku, na kila siku tukizidisha zetu.

Ame akakata alichoandika, akaandika upya: peke yake. Niliona haya, sifichi.

Redio akainuka, akavua makubadhi mlangoni.

REDIO: Iache hivyo hivyo, posho ni haki yake. Lakini Ijumaa ijayo upite tena, bwana mdogo, utuulize upande.

Akagonga mlango.

REDIO: Hodi, binti yangu! Nnakuja kumshika mzee upande wa pili.